Sema wa Dunia na Mango wa Mwiala

Msafiri atokaye Bungoma kwenda Malaba kwa kuifuata reli ya zamani, ile iliyofika Kampala mwaka 1931, aghalabu huipita Myanga bila ya kugeuza shingo, kwani hapana jumba wala ngome wala ziwa la kumzuia macho: pana maduka ya mabati yaliyopauka kwa jua na mvua, pana mashamba ya miwa, mahindi na mihogo yaliyopakana pasi na ua, pana kituo ambacho treni za mizigo hukipita kwa honi tu, na pana mnara wa simu unaovitazama vyote hivyo kutoka juu. Ni katika mahali hapo, baada ya kuumaliza utumishi wangu wa ualimu huko Kitale na kurejea katika ardhi ya marehemu baba, ndipo nilipopata darsa juu ya mashujaa na hikaya zao. Na walionisomesha hawakuwa wazee wenye mvi bali watoto wawili wa dada yangu, msichana na mdogo wake wa kiume, na kitabu chao kilikuwa filamu ya katuni ambayo umri wake haukuwa mrefu.

Filamu hiyo iliitwa Super Sema. Ilianza kuonyeshwa katika YouTube mwezi wa Machi 2021, nayo ilitoka kwa kampuni ya Kukua ya Nairobi, iliyoasisiwa na Mwitaliano Lucrezia Bisignani. Na Lupita Nyong'o, Mkenya aliyetunukiwa Oscar mwaka 2014, alikuwa miongoni mwa wasimamizi wakuu wa kazi hiyo na ndiye aliyetoa sauti ya Mama Dunia. Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Kipo kijiji kiitwacho Dunia, kijiji cha Kiafrika cha zama zijazo, na ndani yake wanaishi mapacha, msichana Sema na kaka yake MB. Na yuko Tobor, mtawala asiye mtu bali mtambo wenye akili ya kuundwa na usio na chembe ya huruma, ambaye pamoja na jeshi lake la roboti wazembe hakosi hila ya kukidhulumu kijiji hicho. Sema humshinda kila mara, wala hamshindi kwa ngumi tu kama wafanyavyo majabari wengi wa katuni, bali kwa sayansi, hesabu na ufundi wa kuunda kitu kipya kutokana na vitu vilivyokuwapo. Kila kipindi kilidumu dakika kama tano, kikaisha kabla chai haijapoa.

Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo iliyoanza Machi mwaka huo na kuendelea hadi Mei, maana kalenda yote ya masomo ilikuwa imevurugwa na maradhi ya korona, na dada yangu aliwaleta watoto wake Myanga kutoka Kitale ili wasishinde barabarani. Baba yao alikuwa kazini Nairobi. Na tangu serikali ilipoifunga Nairobi na kaunti nyingine nne mwishoni mwa Machi, kuja kwake nyumbani hakukuwezekana, ikawa sauti yake huja kila jioni kwa simu ya mama yao, simu hiyo hiyo ambayo ndiyo iliyokuwa jumba letu la sinema. Kwa hiyo ilitokea mara nyingi kwamba Tobor yuko karibu kukitia kijiji mikononi mwake, Sema ameinua mkono, na mara picha inatoweka na jina la baba linatokea. Nao watoto, ambao walimpenda baba yao bila ya shaka yoyote, walisalimu kwa haraka isiyo ya adabu. Mambo yakiwa mema baba aliaga upesi na kipindi kikaendelea. Yakiwa si mema, mama yao aliongea naye kwa muda mrefu nyuma ya nyumba, na aliporudi bando ilikuwa imekwisha.

Mimi niliketi nyuma yao kwa ada ya mwalimu aliyestaafu, ambaye hawezi kuvumilia mtoto ajifunze kitu ambacho yeye hajakikagua. Wala sikuwa mgeni wa mashujaa wa picha. Katika ujana wangu gazeti la picha liitwalo African Film lilipita katika mikono mingi hata kurasa zake zikalainika, nasi tukamfuata Lance Spearman na kofia yake na gari lake la kasi katika miji ambayo hatukuweza kusema ni ya nchi gani; na nilipokuwa mwalimu nilivitia darasani vitabu vya Pichadithi alivyovianzisha Terry Hirst, hasa kile cha Lwanda Magere, jabari wa Wajaluo aliyekuwa na mwili wa jiwe na kivuli cha mtu, aliyeuawa kwa mkuki uliochomwa kivulini baada ya siri yake kufichuliwa na mke aliyetoka kwa adui. Kisha Kitale, katika miaka ya tisini, tulimwona Captain Planet na vijana wake watano, mmoja wao Kwame, ambaye alitajwa kuwa atoka Afrika, basi, kama kwamba bara zima lina mlango mmoja na babu mmoja. Wanafunzi wangu walimpenda hata hivyo. Niliwauliza siku moja Kwame ni wa kabila gani, na darasa likagawanyika pande mbili, upande mmoja ukisema ni Mluhya na upande wa pili ukisema haiwezekani, kwa sababu hajawahi kuonekana akila ugali.

Nyumbani Myanga televisheni ilikuwako wakati mmoja, Great Wall ndogo ya picha nyeusi na nyeupe iliyotumia betri ya gari, na betri hiyo ilifungwa nyuma ya baiskeli na kupelekwa kuchajiwa kwenye kinu cha kusagia. Lakini matangazo ya zamani yalipozimwa mwaka 2015, mwaka ule ambao stesheni tatu kubwa zilitoweka hewani kwa majuma kadhaa kwa sababu ya mvutano baina yao na serikali juu ya mitambo mipya, hakuna aliyeona haja ya kuinunulia king'amuzi, nayo ikageuka kuwa meza ya kuwekea taa. Ndiyo maana nasema simu ilikuwa jumba letu la sinema pasi na mzaha.

Insafu yanitaka niseme kwamba kipindi cha kwanza hakikunipendeza. Maneno yalikuwa ya Kiingereza cha haraka, yakipandana kabla sikio halijapata nafasi. Rangi zilikuwa nyingi mno. Na hatari, ambayo katika hikaya ndiyo chumvi yake, ilikuwa hatari ya kutiliwa shaka, kwa maana mtazamaji ajua kwamba katika dakika tano hakuna msiba unaoweza kuingia, kuketi na kuomboleza. Fauka ya hayo adui mwenyewe alikuwa mtambo. Lwanda Magere alishindwa na mapenzi, na mapenzi ni adui anayejulikana katika kila nyumba. Mtambo usio na mama utauchukia vipi, na ukianguka utafurahi nini? Hayo niliyanena kwa sauti, nikakemewa. Msichana, ambaye wakati huo alikuwa gredi ya nne na mwenye ulimi usiolala, aliniambia, "Khocha, wewe unatazama kama unasahihisha insha." Khocha ni mjomba.

Lakini palikuwa na jambo ambalo sikuweza kulikana, nalo ni kwamba mwokozi hakutoka ng'ambo. Katika hikaya nyingi za katuni nilizoziona maishani, watu wenye sura yangu husimama pembeni wakipiga makofi, au huokolewa. Hapa walitengeneza, wakakosea, wakatengeneza tena, na vifaa vyao vilikuwa vya pale pale kijijini. Na tofauti hiyo, ambayo mimi niliitambua kwa fikra, watoto waliitambua kwa mikono.

Aprili huku kwetu ni mwezi wa mahindi kuchipua, na adui wa mahindi machanga ni kunguru, ambaye humwacha mkulima apande, ahesabu mistari, aende zake, kisha hushuka na kufukua mbegu moja baada ya moja kwa utaratibu wa karani. Kazi ya kuwafukuza ni ya watoto, na ni kazi ya kuchosha. Asubuhi moja niliwakuta wawili hao nyuma ya nyumba wamekusanya mali zote zilizokuwa hazina mwenyewe: gurudumu la baiskeli lililopinda, makopo ya mafuta ya kupikia, vifuniko vya soda, kamba za katani, na vipande vya plastiki walivyovikata kwa kisu ambacho hawakuruhusiwa kukigusa. Walikusudia gurudumu lisimamishwe juu ya mti, upepo ulizungushe, na katika kuzunguka liyagonge makopo, na kamba itoke hapo hadi kopo jingine lililo mwisho wa shamba, ili kunguru asikie kelele mbele yake na nyuma yake na akose pa kukimbilia. Kunguru walikuwa wameshapewa jina la Tobor, wote kwa pamoja.

Siku ya kwanza upepo haukuvuma. Siku iliyofuata ulivuma kwa nguvu, gurudumu likazunguka nusu, likakwama, na kunguru mmoja akatua juu yake kwa starehe. Mvulana alilia kwa hasira. Dada yake hakulia. Alikwenda kuketi chini ya mti akalitazama gurudumu muda mrefu, kisha akaja kuniuliza kwa nini kitu kilichopinda hakitaki kuzunguka, nami nikapata fursa niliyoikosa tangu kustaafu, ya kueleza mhimili, uzito na usawa kwa mtu ambaye haja ya jibu inamkereketa. Walipakia mawe madogo upande uliokuwa mwepesi. Walipaka mafuta. Kwa kweli chombo hicho hakikupata kuwa hodari. Kilifanya kazi upepo ulipopenda, na kunguru walikizoea kabla mahindi hayajafika magotini, ikabidi watoto warejee kwenye njia ya mababu, yaani kupiga kelele kwa vinywa vyao. Lakini katika majuma hayo nilikoma kusahihisha insha.

Jirani yetu, mzee ambaye watoto humwita kuka kama wanavyowaita wazee wote wa rika lake, alikuwa na desturi ya kuja jioni kuomba moto wa kiko na kuketi hata alipomaliza haja ya moto. Jioni moja walimwonyesha Super Sema. Alivua kofia, akaishika simu mbali na uso wake, akatazama kipindi kizima bila ya kusema neno, na kilipokwisha aliuliza swali moja.

"Huyu mtoto amefiwa na nani?"

"Hajafiwa, kuka," alijibu msichana.

"Basi anapigania nini?"

"Anapigania kijiji chake."

Mzee aliwasha kiko. "Kijiji kizima, na hamna kaburi?"

Ndipo alipowasimulia habari za Mango. Kila mtu wa kabila letu la Wabukusu ameisikia hikaya hiyo, na kila msimulizi ana njia yake, lakini mifupa ya hikaya ni ile ile: katika mawe ya Mwiala palikuwa na joka liitwalo Yabebe, lililokula watu na mifugo, na siku moja likawaua watoto wa Mango, mtu wa ukoo wa Bakhurarwa, naye Mango, kwa uchungu ambao haukumwachia nafasi ya kufikiri usalama wake, akanoa panga, akachukua ngao, akaingia katika pango la joka lenyewe lilipokuwa halimo, akangoja gizani, na joka liliporudi na kuingiza kichwa, akalikata kwa pigo moja. Kichwa kilichokatwa kiliruka na kuuma mti, na majani ya mti huo yakapukutika papo hapo. Watu wa mlimani, ambao walikuwa na tohara na walikuwa wakiwaona wenzao si wanaume kamili, walimkubalia Mango atahiriwe kwao kwa heshima ya tendo lile. Na kwa njia hiyo, wasema wazee, tohara ikarudi kwa Babukusu, na hadi leo kila Agosti ya mwaka wa shufwa, yaani mwaka unaogawika kwa mbili, vijana husimama uwanjani kwa jina la mtu huyo.

Mzee alisimulia hayo kwa muda mfupi kuliko ninavyoyaandika. Alinyamaza mahali ambapo mimi ningeeleza, akaruka mahali ambapo mimi ningekaa. Hakusema pango lilikuwa na upana gani, wala Mango aliwaza nini gizani, wala mama wa watoto waliouawa alikuwa wapi. Na hapo, katika nyufa hizo, watoto walimiminika kwa maswali. Mango alijuaje kwamba joka halimo? Alisikia harufu gani? Kichwa kiliuma mti kwa sababu kilikuwa na hasira au kwa sababu kilikuwa bado hakijajua kwamba kimekufa? Mzee alijibu aliyotaka, na aliyoyaacha aliyaacha, na alipoaga aliwaachia kazi ya usiku mzima.

Muda si mrefu baadaye shule zilifunguliwa, watoto wakarudi Kitale, na filamu ikaendelea nao huko kwa kitambo. Kisha vipindi vipya vikakoma kufika. Msichana alinipigia simu kuniuliza kama kwangu Myanga vinafika, akidhani labda mnara wetu una bahati kuliko wao. Jambo lenyewe halina uchawi ndani yake. Katuni ni ghali kuliko inavyoonekana, kwa kuwa hakuna jua wala mti wala kiatu kinachojileta chenyewe mbele ya kamera. Kila kitu sharti kichorwe, kipewe mwendo, kipewe sauti, na dakika moja ya mchezo hula miezi ya kazi za watu wengi. Na mwenye kuilipa kazi hiyo katika nchi zetu ni nadra kuwa mtu wa nchi zetu. Mwezi wa Januari 2022 YouTube ilitangaza kwamba inaifunga sehemu kubwa ya idara yake ya vipindi ilivyovigharimia yenyewe. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai 2023, Netflix ilianza kuonyesha Supa Team 4, katuni ya wasichana wanne wa Lusaka wanaoajiriwa na bibi mmoja, jasusi mstaafu, kuuokoa mji wao; aliyeibuni ni Mzambia Malenga Mulendema, mmoja wa washindi wa shindano la hadithi la studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini mwaka 2015, na muradi wake ulitokana na utoto wa kutazama katuni ambazo hazikuwa na mtu anayefanana naye. Miaka minane basi kutoka shindano hadi skrini, na misimu miwili yote ikaonyeshwa ndani ya mwaka ule ule. Na mpango wa Netflix wa kutazama bure katika simu, uliokuwako Kenya tangu Septemba 2021, ukaondolewa Novemba 2023. Hivyo wengi wa watoto ambao Mulendema aliwakusudia waliwaona wasichana wa Lusaka kwa mlango ulioanza kufungwa.

Mtu aweza kuyasikitikia hayo, na mimi niliyasikitikia, hasa nilipofikiri ni ghera kiasi gani iliyowashwa na vipindi vichache vya dakika tano. Lakini huzuni yangu haikulingana na yale niliyoyaona watoto hao waliporudi Myanga kwa likizo. Sema alikuwa hajafa, alikuwa amehama. Kijiji cha Dunia kilikuwa sasa upande wa pili wa reli, penye miwa ya jirani, na Tobor hakuwa mtambo tena bali dalali wa mahindi, mwenye jeshi la roboti waliobeba gorogoro. Msomaji wa Bungoma na Trans Nzoia hahitaji kuelezwa. Kwa msomaji wa mbali niseme kwamba gorogoro ni kopo la kupimia nafaka, na kwamba madalali wengine hulipiga nyundo kwa ndani hata likatoka tumbo, ili mkulima auze kilo mbili kwa jina na zaidi ya kilo mbili kwa hakika. Watoto walikuwa wamesikia mama yao akinung'unika juu ya makopo hayo, nao wakayatia katika hikaya bila ya kuombwa. Katika kipindi kimoja, kilichochezwa chini ya mwembe na kutazamwa na mimi pamoja na mbuzi, Sema aliunda mizani kwa fimbo na vibakuli viwili, akaweka gorogoro ya dalali upande huu na gorogoro halali upande ule, na jeshi lote la roboti likatimua mbio kwa fedheha.

Nililitafakari sana jambo hilo, kwa maana kinyume chake nilikuwa nimekiona kwa macho yangu. Nyumbani kwa dada yangu, Kitale, ziko katuni nyingine ambazo misimu yake haina mwisho. Mtoto akimaliza kipindi, kingine kinaanza chenyewe kabla hajapepesa, na shujaa hana jambo lolote alilombakishia mtazamaji. Watoto huzitazama kwa saa nyingi, na wakiondoka hapo hawachezi chochote kilichotokana nazo. Wameshiba bila ya kupika. Super Sema iliwaacha na njaa. Kwa upande mmoja ilifanya hivyo kwa kusudi, maana ilikuwa kazi ya watu waliotaka mtoto ainuke na kuunda. Lakini kwa upande mwingine, na huu ndio ulioniajabisha, bahati mbaya yake yenyewe ndiyo iliyolikamilisha kusudi hilo. Dakika tano, bando inayokwisha, simu ya baba inayoingia katikati ya pigo, na hatimaye kukoma kabisa: vyote hivyo vilitoboa katika filamu nyufa zile zile ambazo kuka alizitoboa kwa makusudi katika hikaya ya Mango. Hikaya ya Mango haina mwenye mali anayeweza kuizima, ila kwa muda wa vizazi imebidi kila anayeisikia aifanyie kazi ndipo ifike kesho. Sisemi kwamba ni heri filamu zetu zife changa. Wachoraji nao wana watoto wanaokula. Nasema tu kwamba nilipoona jinsi ile iliyokatwa ilivyoota mizizi, nilianza kuzitilia shaka zile zisizokatwa.

Katika msimu huo wa likizo nilitazama pamoja nao Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina iliyotoka mwaka 2018, ambayo si ya katuni bali ya watu halisi: inamhusu Jo, msichana mgonjwa asiye na tumaini la kupona, anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu zipitazo za binadamu, na kijiji chake chote, kuanzia dada yake hadi watu wa sokoni, kinashirikiana kumfanya aamini kwamba nguvu hizo anazo, kisha kinamtengenezea sinema ambayo yeye ndiye jabari wake. Filamu haikuwa imefika mbali msichana wetu aliposimama. Alikuwa ameitambua sauti. Jo anachezwa na Stycie Waweru, na ndiye yule yule aliyetoa sauti ya Sema miaka mitatu baadaye.

Jo hufa. Filamu haituonyeshi kwa ukatili, lakini hufa, na mvulana akauliza kwa hofu kama basi Sema naye amekufa, na kama ndiyo sababu vipindi vilikoma. Nilikuwa nimefungua kinywa nimweleze tofauti ya mwigizaji na mhusika, somo nililolifundisha mara nyingi na kwa ubora wa kutosha, lakini dada yake alinitangulia. Alisema kwamba Jo ndiye aliyekufa, na kwamba Sema ni dada yake ambaye hatukuwahi kuambiwa habari zake. Ndiyo sababu Sema anapigana, na kuka angeuliza sasa angejibiwa. Aliyasema hayo kwa yakini ya mtu anayetoa habari za ukoo wake. Sikumsahihisha, wala sidhani kwamba Wainaina mwenyewe angemsahihisha, kwani watu wa kijiji chake katika filamu walikuwa wakifanya kazi hiyo hiyo: walichukua hadithi iliyokuwa karibu kukatika, kila mmoja akashika ncha.

Jioni hiyo hiyo alivuka ua kwenda kumpa mzee jibu lake. Mzee alilipokea, akasema ni jibu zuri, na kwamba sasa hikaya ya yule mtoto wa simu imeanza kufanana na hikaya.

Laiti mambo yangeishia hapo kwa amani. Agosti 2024, mwezi wa tohara, huku njuga zikilia barabarani usiku na mchana na vijana wakizunguka kwa jamaa zao kuwaalika, msichana, ambaye wakati huo alikuwa wa sekondari ya chini na alisoma kila kitu chenye maandishi, alimwendea kuka na madai mapya: kwamba Mango alikuwa na pacha, dada, na kwamba dada huyo ndiye aliyepeleleza saa za joka kutoka na kuingia, akazihesabu kwa kivuli cha jiwe, akamwambia kaka yake aingie lini. Mzee alipandwa na hasira. Alisema hikaya ya Mango ni ya wanaume, imepokewa kwa wanaume, na hakuna dada ndani yake; na akiwekwa dada, je, yeye naye atatahiriwa? Watu waliokuwapo walicheka, lakini msichana hakucheka. Aliuliza ni nani basi aliyemwambia Mango kwamba pango ni tupu, kwa maana miaka mitatu iliyopita mdogo wake aliuliza swali hilo na kuka alilikwepa.

Mzee alinitazama mimi, mwalimu, nitoe hukumu, nami nikasema kwamba sina cheo cha ukadhi katika shauri la ukoo wa Bakhurarwa. Basi aliapa kulipeleka kwa wazee wa ukoo wenyewe watakapokutana Desemba, ili ajue huyu mtoto kwamba mambo yana wenyewe. Msichana alikubali, kwa sharti moja, kwamba aambiwe siku na saa ya kikao hicho mapema, kwa kuwa alitaka kwenda kwanza kwenye mawe ya Mwiala na fimbo ya kupimia, aone kivuli cha mawe hayo huangukia wapi saa za jioni.